Kuwahi Kisu

Jumamosi tarehe 20 Desemba 1997, jua lilipotoka nyuma ya wingu, mbuzi wanne wa Jelle walionekana wametupa mimba katika zizi moja. Wa tano alisimama kando, kichwa chini. Damu nyembamba ilimtoka puani na kudondoka kwenye tope.

Jelle alimwita dada yake aje aone. Hodo alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi mjini Garissa. Shule zilipofungwa Novemba alikuja Bur Madow kumsalimu Jelle, ndugu yake wa pekee, na mkewe Sharifo, akikusudia kukaa muda mfupi tu. Kisha mvua ikakataa kukatika. Mto Tana ukatoka kingoni, njia ya kwenda Balambala ikamezwa na maji, na mwinuko wa Bur Madow ukawa kisiwa. Juu yake kulikuwa na kaya zipatazo arobaini, kituo kidogo cha polisi, msikiti wa miti na mabati, na mifugo wote waliowahi kupanda.

"Sandik," alisema Jelle, akimwonyesha yule mbuzi.

Kwa Kisomali neno hilo lina maana ya damu ya pua. Wazee waliujua ugonjwa huo. Ulikuja na mvua kubwa na kuondoka na mvua. Waliamini kwamba unaua mifugo na hauui watu.

"Ramadhani ndiyo hiyo inagonga mlango," alisema Sharifo. "Unga hatuna, sukari hatuna. Tulichobaki nacho ni mbuzi, na mbuzi wenyewe wanavuja."

Siku hiyo wanaume walikutana msikitini. Walikubaliana kwamba neno lifike Garissa: mifugo ina sandik, aletwe daktari wa mifugo. Kituo cha polisi kilikuwa na redio ya mawasiliano, na polisi aliyekuwepo, Konstebo Mutinda, alikuwa mtu wa Kitui asiyejua Kisomali. Hodo alijitolea kwenda kusema naye.

"Mwalimu, hili ni jambo la mifugo, si la chaki," alisema Sheikh Ogle, imamu wa msikiti. "Aende Keynan."

Keynan alikuwa dalali wa mifugo. Kwa miaka mingi ndiye aliyewauzia watu wa Bur Madow wanyama wao katika soko la Garissa, akizungumza na wanunuzi wa bara kwa Kiswahili. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zilizopakwa hina, mcheshi, na alikuwa amerudi nyumbani kwa lori la mwisho kabla ya barabara kukatika. Alikwenda kituoni, akarudi, akasema: "Nimewaambia. Msaada unakuja."

Msaada ulikuja siku moja kabla ya Krismasi. Helikopta ilizunguka mara mbili juu ya mwinuko, ikashuka chini kidogo, ikaangusha marobota. Watu waliyafungua. Yalikuwa blanketi.

"Haya," alisema Sharifo, akiinua mbili. "Mbuzi wangu avae lipi, la buluu au la kijivu?"

Watu walicheka. Keynan alicheka kuliko wote.

Wakati huo Jelle hakuwa na nafasi ya kucheka. Mnyama akifa bila kuchinjwa ni kibudu, na kibudu hakiliwi. Kwa hiyo mbuzi alipoonekana anaanza kukata roho, mwenye mbuzi alikimbia kutafuta kisu, na asiyekuwa na mkono mwepesi alimwita Jelle. Kuchelewa kulikuwa aibu, na mahali penye njaa kulikuwa dhambi. Jelle alikuwa na kisu kifupi cha mpini wa pembe. Alichinja kwa majirani wa kila upande, mara nyingine wanyama watano kwa siku, akirudi nyumbani damu imemkauka hadi viwikoni. Aliyemwita mara nyingi zaidi alikuwa Keynan.

"Jelle, walaal, ndugu yangu, wahi kisu!" alipiga kelele Keynan kutoka kwenye zizi lake. Jelle alipofika, Keynan alisimama upande unakotoka upepo, amejifunika pua kwa pindo la shuka, na nyama yote akaigawa sadaka. Watu walimwombea dua kwa ukarimu wake.

Jelle alishikwa na homa siku ya Krismasi. Kwanza viungo, kisha macho, ambayo alisema yanauma kama yametiwa pilipili. Siku iliyofuata fizi zake zilitoa damu. Alfajiri ya Jumamosi alitapika damu nyeusi, akaomba ageuzwe kuelekea kibla. Alizikwa kabla ya adhuhuri, kwenye sehemu pekee ya mwinuko ambako kaburi halikujaa maji.

Msiba ulipopoa kidogo, Hodo alikwenda kituo cha polisi. Konstebo Mutinda alikuwa amekaa juu ya kreti, akichemsha maharagwe.

"Pole sana, Mwalimu," alisema. "Jelle alikuwa ananiletea maziwa. Karibu. Krismasi yangu ndiyo hii, maharagwe na mbu."

"Afande, Keynan alipokuja hapa alikwambia nini?"

"Yule mzee wa ndevu nyekundu? Alisimama pale pale uliposimama." Mutinda aliigiza sauti. "'Bolisi, mbusi nakufa. Baridi mingi. Mfua mingi.' Nami nikatuma hivyo hivyo: mifugo inakufa kwa baridi, watu wanaumia na mvua."

"Hakutaja ugonjwa?"

"Nilimuuliza. Nilisema, mzee, ni ugonjwa? Akasema hapana, baridi tu."

"Hakutaja damu?"

"Damu?" Mutinda aliweka mwiko chini. "Damu gani?"

Hodo alirudi moja kwa moja kwenye kibanda cha marehemu, ambako wanaume walikuwa bado wamekaa kwenye mikeka ya msiba. Keynan alikuwa katikati yao. Hodo alisimama mlangoni na hakungoja kukaribishwa.

"Adeer Keynan," alisema, akimwita baba mdogo kama inavyompasa mtu kumwita mkubwa wake. "Ulitumwa na neno sandik. Polisi alipokea baridi. Neno lilipotelea wapi?"

Keynan alimtazama kwa upole. "Binti yangu, wewe umesoma. Niambie, sandik kwa Kiswahili ni nini?"

"Ni ugonjwa. Mnyama anatokwa na damu puani."

"Kiswahili changu ni cha soko. Najua mnono, najua mkondefu, najua punguza bei. Sasa nimwambie yule polisi mbuzi wangu anatokwa na damu puani? Angeniuliza ni nani aliyempiga ngumi."

Mtu mmoja alicheka, akaziba mdomo. Wengine wakafuata. Walicheka wakiwa wamekaa kwenye mkeka wa Jelle, bila nia mbaya, kama watu waliochoka na mauti wanavyocheka wakipewa nafasi. Sheikh Ogle alisema kwamba lugha ya watu ni pori na kila mtu hupotea humo.

Hodo aliondoka mlangoni. Kutoka hapo alijua anachokitaka. Alitaka Keynan aseme mwenyewe, mbele ya watu hao hao, kwamba alijua. Na akishasema, alipe kwa mwili wake.

Alianza kama alivyowafundisha wanafunzi wa darasa la saba: weka kando unachodhani, panga ulichokiona. Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, watatu walikuwa wamekufa Bur Madow. Jelle alichinja. Bi kizee mmoja aliwasaidia mbuzi kuzaa, akiingiza mkono kuvuta vitoto vilivyokwama. Wa tatu alichuna ngozi. Mbu waliwauma watu wote, na wengi walipata homa wakapona. Lakini waliotokwa na damu walikuwa ni wale ambao mikono yao iliingia katika damu.

Kisha akapanga aliyoyaona kwa Keynan. Tangu arudi hakuwahi kumshika mnyama mgonjwa kwa mkono wake. Mwanawe Hamze, kijana mwenye nguvu aliyekuwa akichinja tangu utotoni, alipelekwa ncha ya pili ya mwinuko kulinda ngamia, na alikatazwa kulikaribia zizi la mbuzi. Maka, mke wa Keynan, alichemsha maziwa mpaka yakawa na harufu ya moshi. Wanawake walimtania kwamba anapika maziwa kama nyama. Nyama ya mbuzi wake iligawanywa yote. Nyumbani kwake walikula samli na mtama wa zamani.

Hayo yote yalielekea upande mmoja, lakini hayakutosha. Mtu anaweza kuwa mwoga bila kujua anachokiogopa. Hodo alimweleza Sharifo.

"Hata ukiwaonyesha, watakwambia ni kudra," alisema Sharifo. "Mwache Mungu amlipe."

"Mungu ana wakati wake. Mimi shule inafunguliwa."

"Hodo!"

"Nimesema kweli. Maji yakishuka huyu atapanda lori na kwenda kuuza. Idi inakuja, wanunuzi watamsubiri. Jelle atakuwa hadithi ya mtu aliyekufa na homa ya mvua."

Asubuhi moja katikati ya Ramadhani, Konstebo Mutinda alimtuma mtu amwite Hodo. Alimkuta amevaa kofia yake rasmi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya kura.

"Mwalimu, Garissa wamesema. Ni ugonjwa, na umeua watu wengi, si hapa tu. Unatoka kwa wanyama. Amri ni hii: mnyama mgonjwa asichinjwe, asichunwe, nyama yake isiliwe, maziwa yachemshwe. Damu isiguswe kabisa. Madaktari wanakuja wakipata helikopta. Sasa nataka uwaambie watu kwa lugha yao. Yule mzee simtumi tena."

"Nitawaambia msikitini, wakitoka kuswali adhuhuri. Hapo wanaume wote watakuwepo."

"Si bora sasa hivi? Twende mlango kwa mlango."

"Afande, mlango kwa mlango kila mtu atasikia lake. Nipe mpaka adhuhuri."

Mutinda alifikiri, akakubali. Ilikuwa sababu nzuri, na haikuwa sababu yenyewe.

Hodo alijua kwamba Keynan alikuwa na mbuzi jike mwekundu aliyelala nyuma ya zizi tangu jana. Alimkuta bado anapumua. Hakumgusa. Alimsukumia kwenye blanketi la buluu kwa ubao, akazishika pembe mbili za blanketi, akamburuta hadi uwanja wa msikiti. Kiunoni alikuwa na kisu cha Jelle.

Wanaume walipotoka walimkuta amesimama. Mbuzi alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, damu imemtapakaa puani. Alama ya sikio ilionekana wazi, na kila mtu aliijua ni ya nani.

"Adeer Keynan," alisema Hodo, "mbuzi wako anakata roho. Jelle hayupo tena wa kumwita. Wahi kisu."

Alimnyoshea mpini.

Keynan hakuupokea. "Nani kakwambia umlete hapa?"

"Nimemkuta anakufa. Nimwache awe kibudu?"

"Wahi, Keynan!" alisema mtu nyuma. "Macho yanageuka!"

"Mkono wangu una maumivu," alisema Keynan. "Mwingine amchinje."

"Jana uliinua gunia kwa mkono huo," alisema Sheikh Ogle.

"Nimefunga, sina nguvu."

"Na sisi tumekula?" Watu waliguna. "Mwanamume, chinja! Watoto watapata cha kufuturu!"

"Mwacheni afe. Ni mali yangu, nimeisamehe."

Katika Bur Madow nzima hakuna aliyewahi kumsikia mfugaji mwenye kisu mbele yake na mnyama anayepumua akisema mwacheni afe. Mbuzi alitikisa miguu ya nyuma. Hodo bado alikuwa ameunyosha mkono, mpini ukimtazama Keynan.

"Ni baridi tu, adeer," alisema. "Wewe mwenyewe ulisema. Baridi haimuumi anayechinja."

Keynan alirudi nyuma hatua moja.

Hamze alikuwa amekuja kuswali pamoja na wengine. Alitoka katikati ya watu, uso umemwiva kwa aibu ya baba yake, akauchukua mpini kutoka mkononi mwa Hodo.

"Samahani, Sheikh," alisema. "Baba hajisikii vizuri."

Alipiga goti, akaikanyaga miguu ya mbuzi, akavuta kidevu nyuma, akamwelekeza kibla. Akasema bismillahi, Allahu akbar. Kati ya maneno hayo na kisu palikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Keynan alikuwa hatua tatu kutoka kwa mwanawe na hakulisema. Hodo alikuwa karibu zaidi. Naye hakulisema.

Kisu kilipita. Damu ilimrukia Hamze mikononi, kifuani na mdomoni.

"Usiguse damu!" alipiga kelele Keynan. "Iache! Hamze, iache, ni sandik! Itakuua kama ilivyomwua Jelle!"

Alimrukia mwanawe, akamshika bega ili amwondoe, kisha akaona damu kwenye shati na mkono wake ukaachia. Alibaki ameinama juu yake bila kumshika.

Aliyezungumza kwanza alikuwa Sheikh Ogle. "Keynan. Umejuaje?"

Keynan aliendelea kumtazama Hamze.

"Nakuuliza. Sisi sote tumezaliwa tukiambiwa haiui watu. Wewe umejuaje?"

"Ng'ambo ya mto," alisema Keynan. "Kabla sijapanda lori. Katika boma moja niliwaona wachinjaji watatu. Wote walikufa wakitokwa na damu." Alijifuta uso. "Nilidhani ni kwa wale tu. Nilidhani maji yatashuka. Wakisikia sandik huko Garissa wangefunga masoko mpaka baada ya Idi, na wanyama wenu wote wangebaki mikononi mwenu. Nilifanya kwa ajili yenu pia!"

"Na Jelle ulimwita kwa ajili yetu?" aliuliza Sharifo. Alikuwa amefika na wanawake wengine waliposikia kelele.

Hakuna aliyecheka. Hodo aliwatazama mmoja mmoja wale waliocheka kwenye mkeka, akahakikisha kwamba wanamwona. Kisha, kwa sauti ile ile anayoitumia darasani, akawapa ujumbe wa Garissa: mnyama mgonjwa asichinjwe, damu isiguswe, maziwa yachemshwe, madaktari wanakuja.

"Ujumbe huu umefika lini?" aliuliza Sheikh Ogle.

"Asubuhi."

"Na sasa ni adhuhuri."

"Ndiyo, Sheikh."

Mzee huyo alimtazama kwa muda, kisha akamtazama Hamze, ambaye bado alikuwa amepiga goti na ameinua mikono mbali na mwili wake kama vitu vya mtu mwingine. Sharifo ndiye aliyeleta maji na sabuni. Alimmiminia kutoka mbali, akamwamuru asugue mpaka chini ya kucha, avue shati, asukutue. Mbuzi alizikwa pamoja na blanketi.

Walipokuwa wakirudi Sharifo alisema, "Ulimtaka baba, umempata mtoto."

"Bado namtaka baba."

"Hamze ndiye aliyemchimbia Jelle kaburi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi usinizungumzishe leo."

Wazee walikaa kuhusu jambo hilo jioni tatu mfululizo baada ya futari. Wengine walisema Keynan ni muuaji na lazima alipe ngamia wa damu, fidia ya Jelle. Wengine walisema aliyeuficha ukweli si sawa na aliyeshika mkuki. Mwishowe waliamua kungoja. Hamze akiumwa na kufa, walisema, Mungu atakuwa amelipa kijana kwa kijana. Akipona, ngamia watazungumzwa. Hodo alipoletewa uamuzi huo alisema Hamze hakuwa deni la mtu yeyote, na kwamba yeye hakuukubali.

Siku ya nne Hamze aliamka na homa. Ya tano aliumwa macho. Keynan hakuondoka kando yake mchana wala usiku, akamlisha uji kwa mkono wake mwenyewe na kumfuta jasho, asiogope chochote tena. Asubuhi moja aliondoka kidogo tu, akaja kusimama nje ya kibanda cha Sharifo. Hina ilikuwa imefifia na ndevu zilionekana nyeupe mizizini.

"Hodo," alisema. "Idi inakaribia. Nakuomba unisamehe. Kama ni mimi, nichukuliwe mimi. Sema tu umesamehe, labda kijana atapata nafuu."

"Nitakuuliza jambo moja. Alipokwisha kusema bismillahi, kabla ya kisu, ulikuwa unafikiri nini?"

Keynan alitazama chini.

"Uliuona mkono wake. Ulijua. Ulikuwa unapima nini?"

"Nilidhani... Nilidhani huenda hatadhurika."

"Hivyo ndivyo ulivyodhani kwa Jelle. Kwa Jelle ulikuwa na wiki nzima ya kudhani. Rudi kwa mwanao."

"Na wewe?" alisema ghafla. "Wewe ulikuwa unapima nini? Ulikuwa karibu naye kuliko mimi!"

"Nilikuwa nakungoja wewe," alisema Hodo.

Helikopta ya madaktari ilitua tarehe 21 Januari, mvua ikiwa imepumzika. Walikuwa wawili, mwanamke wa makamo na kijana aliyebeba masanduku ya barafu. Walivaa glavu na barakoa, wakachukua damu kwa watu na kwa mbuzi. Walipomfikia Hamze fizi zake zilikuwa zimeanza kutoa damu. Daktari mwanamke alimkagua, akasema kijana huyo aende Garissa sasa hivi.

"Hajui Kiswahili?" aliuliza.

"Kidogo sana," alisema Mutinda.

"Nafasi ni moja tu ya kumsindikiza. Nataka mtu wa kunitafsiria kila atakachosema njiani, na huko wodini. Nani?"

"Mimi," alisema Keynan. "Mimi baba yake."

"Unajua Kiswahili?"

"Najua, Daktari. Najua yote." Maneno yalimtoka bila kukwama, marefu, yamenyooka. "Ugonjwa ulianza kwa mbuzi kutuba mimba. Halafu damu ikawatoka buani. Mtu akichinja mnyama kama huyo, baada ya siku nne anashikwa na homa, macho, fiungo, halafu fizi."

"Buani?"

Keynan aligusa pua yake.

Mutinda alivua kofia. "Mzee," alisema, "kumbe haya yote unayajua? Kwangu ulikuwa na neno moja tu." Akamgeukia daktari. "Huyu alitafsiri mara moja hapa, na tuliletewa blanketi. Kama ni mimi, simbebeshi maneno ya mgonjwa. Mchukue Mwalimu."

Daktari alimtazama Hodo. "Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana."

"Uko tayari?"

"Niko tayari."

Keynan alimshika Hodo mkono, kisha akauachia kwa sababu haikuwa halali yake kumshika. "Si huyu, Daktari! Yeyote, lakini si huyu! Mtoto wangu atakuwa mdomoni mwake!"

Alisema hayo kwa Kiswahili. Daktari hakuelewa maana yake, au hakuwa na muda wa kuyaelewa. Hamze alibebwa kwa machela mpaka mlango wa helikopta. Hapo aligeuza kichwa na kusema jambo kwa Kisomali, polepole, midomo imekauka.

"Amesema nini?" aliuliza daktari.

Keynan alimtazama Hodo. Sharifo pia, na Sheikh Ogle, na wote waliokuwa karibu na waliojua alichosema Hamze.

"Amesema ana kiu," alijibu Hodo.

Na ndivyo alivyosema. Daktari alimpa maji kwa kijiko. Hodo alipanda, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kando ya machela, na mlango ukafungwa. Keynan alibaki kwenye tope mpaka upepo wa mapanga ya helikopta ulipomlazimisha kukaa chini. Helikopta iliondoka kuelekea kusini saa tano na nusu.

Saa sita na robo Konstebo Mutinda alipokea kwa redio kwamba imetua Garissa na kwamba mgonjwa alishushwa akiwa hai.